Mlinzi wa Barafu wa Rangwe

Vijana wa ofisini mliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau, na najua mlitarajia maneno ya hekima. Sina. Nina magoti mabovu, kofia mbili za jua na kisa kimoja cha nguzo ya saruji ambayo wengi wenu mmeiona mkaipita. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mle ofisini mko Wajaluo, Wakuria, Wakisii na yule mmoja wa Kitui, na sitaki mtu aje kuniambia alisomewa vibaya. Mambo ya vyeo nayaacha. Aliyepandishwa anajua, na ambaye hakupandishwa anajua zaidi.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Migori, karibu na daraja. Nilivaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Marwa, Mkuria wa Ntimaru, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "Binti, umekuja kazini au umekuja kuposwa?" Kisha akanipa stafu, ile rula ndefu kuliko mtu ambayo mpimaji huisoma kwa mbali kupitia leveli, darubini yake ya miguu mitatu, ili ajue ardhi inapanda au inashuka kiasi gani. Akanituma ng'ambo ya barabara nisimame nayo wima.

Nilisimama hadi saa saba mchana. Mara inzi, mara vumbi la lori, mara mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ananiuliza kama serikali inakuja kumbomolea kibanda. Nikipepesuka kidogo tu nasikia sauti kutoka ng'ambo: "Stafu! Stafu imelala!" Jioni miguu ilikuwa imevimba, na vile viatu nilimpa dada yangu.

Kabla hatujaachana siku hiyo Mzee Marwa alinipa penseli na kitabu cha vipimo. Nikamwomba kifutio. Loh! Ungedhani nimemwomba bangi. "Akoth, hapa hakuna kufuta," akasema. "Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika iliyo sahihi pembeni, tia jina lako. Kosa ulilolisema ni la ofisi. Kosa ulilolinyamazia ni lako." Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Alinifundisha kwa miaka sita. Tulipima kutoka Migori hadi Homa Bay kwa miguu, kipande kwa kipande, tukienda na kurudi, maana kipimo cha kwenda tu ni uvumi. Alinifundisha kugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza kama unaitika vizuri au una ufa ndani. Alinifundisha kunywa chai ya kila mji, yaani kila boma, kabla ya kufungua sanduku la mashine, kwa sababu mtu aliyekunywesha chai hawezi kukuachilia mbwa. Hilo la mbwa lina kasoro zake, lakini kwa jumla limenifaa.

Baadaye zikaja mashine za kupokea setilaiti, na ofisi ikaletewa kazi mpya: kujenga kituo cha kudumu. Antena iwekwe juu ya nguzo, nguzo ikae juu ya mwamba, isikilize setilaiti mchana na usiku mwaka hadi mwaka, na isisogezwe na mtu yeyote. Tulitakiwa tupate mwamba mzima, anga wazi, na mwenye nyumba muungwana. Tulizunguka wiki mbili. Penye mwamba hapakuwa na anga, na penye anga mwenye nyumba alitaka tumchimbie na kisima.

Tukampata Mzee Odongo wa Rangwe, fundi wa baiskeli, mtu mfupi mwenye mikono ya grisi na maswali mengi. Alitukaribisha, tukanywa uji, na Mzee Marwa akaenda na nyundo yake akigonga miamba iliyochomoza pale uani. Mimi nilibaki mlangoni na kikombe. Mara nikasikia, "Hapa! Akoth, njoo usikie!" Mwamba ulikuwa unalia kama kengele. Nikatazama ulipo.

Sasa ninyi msio Wajaluo nisikilizeni. Kwetu mwenye mji akifa huzikwa uani mwake, upande wa kulia wa nyumba yake, ukisimama mlangoni unatazama nje. Mke wake akifa, kushoto. Hilo halifundishwi shuleni, mtoto hukua akilijua kama anavyojua jina la mamake. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, natazama nje, na ule mwamba ulikuwa mkono wangu wa kulia, hatua chache tu.

Nilijua. Sikusahau, sikuchanganyikiwa, nilijua papo hapo kwamba tunataka kujenga nguzo ya miaka mingi ubavuni mwa mahali pa kaburi la mtu aliye hai ambaye ametunywesha uji. Nikamtazama Mzee Odongo. Yeye alikuwa anautazama mwamba.  Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika kile kikosi, na wiki nzima nilikuwa nimegombezwa kwa sababu ya kuacha miguu ya leveli kwenye mvua. Nikajiambia, mwenye nyumba yupo, kama ana neno atasema. Mzee Marwa akaniuliza, "Unaonaje?" Nikajibu, "Mwamba ni mzuri, mzee." Na ulikuwa mzuri kweli. Ndiyo maana uongo wa namna hiyo haushikiki.

Tukajenga. Nikaandika kitabuni kila kitu: kina cha chuma, mchanganyiko wa saruji, urefu wa antena kutoka kwenye bolti. Lile moja sikuliandika.

Mwaka wa pili alikuja mgeni, Solveig, mwanamke wa kutoka nchi za baridi, ambaye kazi yake ni kupima barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Nilimpeleka Rangwe. Mzee Odongo alimpa kiti akamuuliza moja kwa moja, nikitafsiri: "Barafu yako iko mwisho wa dunia. Nguzo yangu ina kazi gani nayo?" Barafu pekee ambayo mzee alikuwa ameigusa ni ile ya kufunikia samaki inayoshushwa Homa Bay.

 Solveig akasema: ukitaka kujua mtoto amekua, unachora alama kwenye mlango. Mlango ukisogea, utasema mtoto amekua kumbe ni mlango umeshuka. Barafu hupimwa na setilaiti zinazoruka juu yake. Ili ujue barafu imepungua, lazima kwanza ujue setilaiti yenyewe ilikuwa wapi kwa uhakika. Na hilo hujulikana kwa vituo vilivyotulia kila upande wa dunia, hata huku kwenye ikweta. Kituo kimoja kikidanganya, barafu nayo itaonekana imedanganya. Akaongeza kwamba hata nchi iliyo chini ya barafu huinuka mzigo ukipungua, kama godoro mtu akiamka, na hayo yote lazima yatenganishwe.

Mzee Odongo akacheka hadi akakohoa. "Kwa hivyo mimi ni mlinzi wa barafu!" Tangu siku hiyo soko zima la Rangwe lilimwita hivyo. Aliyekuja kuziba pancha alielezwa habari za ncha ya kusini hata kama hakuuliza.

Jambo lililomshangaza zaidi ni nililomwambia mimi siku ya kubadilisha betri. Nilimwambia nguzo haiyumbi, lakini bara letu zima linasafiri polepole, linaelekea kaskazini mashariki, kwa mwaka kiasi cha ukucha unavyokua. Mke wake, Mama Peres, aliacha kupepeta mtama. "Na nyumba?" akauliza. "Na nyumba, mama." "Na kuku?" "Na kuku pia." Basi tangu hapo, kila nilipokwenda kufagia utando wa buibui na kukagua nyaya, Mzee Odongo alinipokea kwa swali lile lile kabla hata ya salamu: "Akoth, nimefika wapi?" Nami natanua kidole gumba na cha shahada, namwonyesha safari yake tangu nilipokuja mara ya mwisho. Anatikisa kichwa, anaridhika. "Mwendo mzuri," anasema. "Bila pancha."

Ilienda hivyo zaidi ya miaka ishirini. Alifukuza mbuzi, alifukuza watoto, alimkataza jirani kupanda miti ambayo ingeziba anga. Wakati mmoja mvua ya mawe ilivunja paneli ya sola akaenda mpaka stendi kutafuta mtandao anipigie simu. Hakuna mfanyakazi mwenzetu aliyekuwa na bidii kama yule, na hakuwa hata mfanyakazi. Mimi kila nikipanda pale uani nilikuwa nautazama ule upande wa kulia kisha naangalia pengine. Niliwahi kufungua mdomo mara mbili tatu. Mara zote nikaishia kuuliza habari za mtama.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Mzee Odongo akafa. Aliugua siku chache, akalazwa Homa Bay, akaenda. Nikapigiwa simu na mdogo wake, Ogola, mtu asiye na maneno ya kuzungusha. "Akoth, kaka yangu amelala. Tunazika Alhamisi. Hiyo nguzo yenu iko mahali pake. Mje muitoe, au kesho asubuhi tunaitoa sisi na nyundo."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nililia, sitaficha. Nilimlilia mzee, na nilijilia mwenyewe. Kisha nikampigia Mzee Marwa, aliyekuwa amestaafu zamani na sasa anafuga ng'ombe kwao Ntimaru. Nikamwambia yote: mzee, siku ile nilijua, nikanyamaza.  "Sasa," akasema, "mimi nilijenga kwa Wajaluo na Mjaluo nimesimama naye hapo, nikamuuliza habari za mwamba tu. Hata kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Hilo kosa tugawane, Akoth. Lakini wewe ndiye utakayelisema, kwa sababu mimi mgongo haunipeleki Rangwe."

Shida mnaiona, au niwaeleze. Ubavuni mwa nguzo wangechimba, wangevunja ukingo wa mwamba kwa mitaimbo, wangejengea kaburi na kuliezeka mabati. Mwamba ungetikisika na anga lingezibwa. Kituo lazima kihame. Lakini huwezi kuhamisha alama ya mtoto kutoka mlango mmoja hadi mwingine kama mlango wa kwanza umeshavunjwa. Lazima milango yote miwili isimame pamoja, upime huku na huku, siku nyingi. Nyundo ikitangulia, miaka ishirini na ushei inakatika, na hakuna fundi duniani wa kuiunga. Nilihitaji siku kumi. Ogola alinipa usingizi mmoja.

Nilifika Rangwe kesho yake alfajiri na mashine ya pili garini. Ogola alikuwa amesimama kando ya nguzo na vijana wawili na nyundo tayari. Uani kulikuwa na viti, hema moja, na wanawake wakiomboleza. Sikwenda kwa Ogola. Niliingia kwa mjane, Mama Peres, aliyekuwa ameketi sakafuni miguu imenyooshwa, nikapiga magoti mbele yake. Magoti haya haya mabovu.

"Mama," nikamwambia kwa Dholuo, lugha yetu, "nimekuja kulia na wewe, na nimekuja kusema kosa. Siku tuliyochagua pale pa nguzo, nilijua ni mahali pa mzee. Wenzangu hawakujua. Mimi nilijua na nikaogopa kusema. Nisamehe."

 Ogola alikuwa ameshaingia mlangoni nyuma yangu, nikasikia pumzi zake.

"Nyar Mfangano," akasema Mama Peres, maana kwetu mwanamke huitwa binti wa alikotoka, na mimi nimetoka kisiwa cha Mfangano, "kwani unadhani mzee hakujua uani kwake kulia ni wapi?"

Akanivuta mkono nikaketi kando yake.

"Jioni ile mlipoondoka nilimuuliza, Baba Peres, umewapa watu mahali pako? Akaniambia, 'Yule msichana ameona. Nimemwona akiona. Anamwogopa mkubwa wake, usimtie aibu.' Akaniambia, 'Waache wajenge. Niliuona ule mwamba nikasema, hawa watanishikia mahali pangu. Mimi fundi wa baiskeli, nani angenishikia mahali kwa chuma na saruji?'" Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Alikuwa anangoja uje umwambie mwenyewe. Kila ukija alikuwa anakuchokoza na lile swali lake akidhani utasema. Ulikuwa unaongea habari za mtama."

Jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na chini ya ile aibu nikaona kitu kingine, kama mtu ametua mzigo kichwani. Miaka ishirini nilidhani namficha mtu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananifichia.

Ogola akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini kuliko ya simu, "Shemeji, na Alhamisi?" Mama Peres hakumtazama. "Unataka siku ngapi?" akaniuliza. Nikasema kumi. "Mzee wangu amemngoja huyu miaka yote," akamwambia Ogola, "wewe huwezi kungoja siku kumi?" Wale ni Wasabato, hawaziki Jumamosi, kwa hivyo wakahesabu wakaangukia Jumapili ya wiki ya pili. Ogola alinung'unika, kisha akawapokonya vijana nyundo akaja kunisaidia kubeba sanduku la betri. Mtu akikupigia kelele usiharakishe kumwita adui. Pengine ana majonzi tu na hana pa kuyaweka.

Mwamba wa pili tuliupata chini, karibu na zizi. Tukautoboa, tukasimika fimbo ya chuma kisichoshika kutu kwa gundi ya mawe, tukaweka antena, tukawasha. Siku kumi nilikaa katika mji ule. Asubuhi napima tofauti ya kimo kati ya nguzo mbili kwa leveli, kwenda na kurudi, mpwa wa marehemu ameshika stafu. Nilimpigia kelele "Stafu imelala!" nikajisikia nimekuwa Mzee Marwa. Mchana namenya ndizi na wanawake. Jioni nasikiliza nyimbo za kanisa.

Siku iliyonitoa jasho ni ya tero buru, tunapokimbiza mauti kwa ng'ombe, mikuki na kelele, heshima ya mzee. Nilikuwa nimewaomba wapitishe ng'ombe juu. Wakakubali wote, isipokuwa ng'ombe. Waliporudi wanakimbia, pembe zimefungwa majani, wakakumbuka zizi lao na kushuka moja kwa moja kwenye antena yangu. Nilitanua mikono mbele ya ile fimbo nikafumba macho. "Wee! Wee! Huko ni kwa barafu!" Ogola akapita kama kijana wa miaka ishirini, mkuki juu, akawageuza hatua nne kutoka kwangu. Baadaye alisema hakufanya hivyo kwa ajili ya mashine, aliogopa watazika wawili. Nilimshukuru vile vile.

Jumamosi jua likishuka nilizima mashine ya nguzo ya zamani kwa mkono wangu. Nikafungua antena, nikaibusu, acheni kucheka, nikaandika saa kitabuni. Kisha nikarudi nyuma, mpaka kitabu cha kwanza kabisa, ambacho nilikuja nacho, ukurasa wa siku ya mwamba. Nikaandika pembeni: "Mahali hapa palikuwa pa kaburi la mwenye mji. Nilijua. Sikusema." Nikatia jina. Kitabu kiko kabatini, rafu ya chini. Kisomeni.

Wachimbaji walisema ukingo wa mwamba ule uliwapa kazi ya ndoo tatu za jasho. Ogola, aliyetaka kuibomoa nguzo, ndiye aliyesema isiguswe. "Iko kichwani pake vizuri," akasema. "Mwandikieni jina hapo hapo." Wakamzika Jumapili mchana, nguzo kichwani, jina lake limechorwa kwenye saruji yetu na chini yake maneno aliyoyataka mwenyewe: Mlinzi wa Barafu.

Miezi michache baadaye nilipata ujumbe wa Solveig. Aliandika kwamba ametafuta mahali ambapo kituo cha zamani kiliungana na kipya, ametafuta tena, hajapaona. Mstari wa vipimo umepita sawasawa. Nimepata barua kadhaa za sifa katika kazi hii na nyingi sijui ziko wapi. Huo ujumbe nimeuchapa kwenye karatasi.

Wiki niliyokabidhi funguo nilikwenda Rangwe kuaga. Mama Peres alinishika mkono akanipeleka kaburini, tukasimama mimi na yeye upande wa kulia wa nyumba. Nilitaka kumwambia asante: kwa uji, kwa mahali, kwa siku kumi, kwa mumewe aliyenisitiri. Akanitangulia. Yeye akaigusa ile nguzo, akaniangalia.

"Haya, Nyar Mfangano," akasema. "Tangu alale hapa, amefika wapi?"

Nikatanua kidole gumba na cha shahada, nikamwonyesha.

Akatikisa kichwa kama mumewe. "Mwendo mzuri," akasema.